Bampa la reli alilonifulia baba mkwe, na tundu nililoona haya kuliomba

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenye magari na sisi wengine ambao siku hizi tunatembea kwa miguu.

Mimi si mwandishi humu. Huwa nasoma tu, nacheka peke yangu, nazima simu nalala.

Lakini jana kuna kijana kaweka uzi anaomba ushauri. Ana gari yake ya porini, anataka kubadilisha bampa la mbele. Kaweka picha za mabampa matatu. Na nyie bila aibu mmejaa kwenye komenti mnampigia makofi: "chuma kizito mkuu", "weka kitu cha maana", "watu wakikuona kwenye kioo wapishe wenyewe".

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali moja dogo. Hilo bampa, ukishalifunga, linaziba nini?

Nimesoma mpaka nikapiga yowe. Mke wangu kaniuliza nani kafariki.

Basi kaeni niwaambie. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, Kasese, Uganda magharibi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Chumvi imo ndani ya kisa hiki, tena magunia mazima, ila ya kuongeza mimi hakuna.

Gari ilikuwa Landrova ya petroli, turubai nyuma, rangi ya kijani iliyopauka. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba.

Baba alikata chumvi katika ziwa la Katwe tangu ujana wake. Kwa wasiolijua, pale mtu anaingia kwenye maji ya chumvi hadi kiunoni, anavunja mabamba ya chumvi yaliyo chini kwa mtaimbo, anayasukuma ufukoni juu ya magogo. Maji yale hayana huruma. Ukiingia na mchubuko asubuhi, jioni una kidonda, na kidonda cha Katwe hakisikii dawa.

Miguu ya baba ililiwa na ziwa lile. Kufikia wakati ninaousimulia, kutoka nyumbani kwetu Bwera kwenda kanisani, mwendo ambao mtoto anaukimbia, kwake ilikuwa safari ya kusimama mara tano. Alifunga vitambaa miguuni na hakulalamika. Alichokuwa nacho baada ya miaka yote ile ni Landrova.

Mtu akimsifia, "Mzee, gari yako iko muzuri," baba alikuwa anajibu hivyo hivyo kila siku:

"Hii si gari. Hii ni miguu yangu."

Na mimi ndiye niliyekuwa dereva wa miguu hiyo. Nampeleka misa Jumapili, nampeleka Katwe kuangalia sehemu yake ya ziwa, narudi na chumvi ya kuwauzia Wakongo pale mpakani. Kumbukeni hilo, maana ndilo nililolichezea.

Sasa nyie wa magari ya kubonyeza kitufe, nisikilizeni. Landrova za wakati ule zilikuwa na hendeli. Ni fimbo ya chuma iliyopindwa. Betri ikifa, unaipitisha kwenye tundu katikati ya bampa la mbele, inapita chini ya rejeta mpaka inauma kichwa cha injini, unazungusha kwa mkono gari inawaka.

Tundu la bampa lilikuwa la kazi hiyo, wakuu. Halikuwa pambo.

Na hendeli ilikuwa na kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Siku moja tulinasa kwenye tope la Katwe, maji yameingia kwenye nyaya, injini haitaki. Mimi nikashuka nitafute watu wa kusukuma. Baba akasema kaa. Akaniambia nitoe plagi zote nne, niingize gia ya kwanza ile nzito ya magurudumu manne. Kisha yeye mwenyewe, na vitambaa vyake miguuni, akachomeka hendeli akaanza kuzungusha polepole. Gari nzima, na mizigo yake, ikatambaa ikatoka topeni bila injini.

Akafuta mikono, akaniambia, "Injini ikikataa, hii haikatai."

Tuendelee.

Kiboko ndiye aliyeleta balaa. Tulikutana naye barabara ya kutoka Katwe, anavuka kana kwamba lami ni ya babu yake. Nilifunga breki lakini haikutosha. Kiboko aliondoka na hasira zake, bampa letu likabaki limekunjwa, limegusa tairi.

Baba nikampandisha lifti ya watu arudi nyumbani, mimi nikaikokota gari mpaka kwa fundi mmoja Kalasinga pale Kasese mjini. Alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, amezitengeneza Landrova tangu enzi za Waingereza. Akalitoa lile bampa lililokunjwa, akalitupa nyuma ya karakana. Kisha akaleta bampa la gari nyingine iliyokufa. Jembamba, lina kutu pembeni, rangi tofauti na gari yetu. Lakini lina tundu lake katikati.

Nikakunja uso. Akaniona.

"Hapana angalia sura," akasema. "Bampa kazi yake ni kuvunjika. Bampa ikikataa kuvunjika, chesi itavunjika. Chukua hii. Mimi nafunga leo, wewe naenda nyumbani."

Nikamwambia ngoja nifikirie. Jamani! Mimi nifikirie! Mzee ambaye ameshika spana kabla mimi sijaota meno ananipa kitu sahihi, mimi namwambia ngoja.

Wiki chache baadaye Wahindi wote wakaambiwa waondoke nchini. Karakana ikafungwa, na lile bampa lenye tundu sikuliona tena. Spea nazo zikaadimika kama mvua ya Januari. Hasira yangu ya kwanza iko hapo, na ni ya kwangu mwenyewe.

Hasira ya pili ni ya Kakule.

Kakule alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, mteja wetu wa chumvi na rafiki yangu. Ndiye aliyekuwa mshenga wangu nilipooa, kwa hiyo alikuwa na mdomo wa kuingia popote. Mtu wa watu, mcheshi, suruali imepigwa pasi hata sokoni. Nikamsimulia habari za bampa la Kalasinga, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ile pareshoki iko sawa kijiko, ndugu yangu! Wewe dereva mukubwa, unapita Bwera na kijiko mbele? Batu batakuseka. Uko na mukwe muhunzi, muntu ya chuma, na unaenda kuokota kwa Kalasinga? Ni haya hiyo."

Pareshoki ndiyo bampa, Wakongo ndivyo wanavyoiita.

Na kweli, baba mkwe wangu, mzee Thembo, alikuwa muhunzi chini ya milima ya Mahango. Majembe, mikuki, visu vya kukatia migomba, vyote vyake. Kakule hakungoja nimtume. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa ameshapanda Mahango kumwambia mzee kwamba mkwewe anatembea bila bampa.

Mzee Thembo akajibu mara moja. Alikuwa na kipande cha reli ya zamani alichonunua kwenye vyuma chakavu, alikuwa anakitunza apate kazi ya heshima ya kukifanyia. Kazi imepatikana. Nilete gari.

Sasa hapa ndipo wageni wa kwetu wanaponiuliza, si ungekataa?

Wakuu, kwetu mkwe hakataliwi. Wakonzo wenzangu humu watanithibitishia. Baba mkwe akikupa kitu kwa mkono wake unapokea kwa mikono miwili. Humwangalii machoni. Huwezi kumwambia "hapa umekosea". Ukiwa na neno, unamtuma mtu. Na mtu wangu wa kumtuma alikuwa nani? Kakule! Yule yule aliyeshupalia reli.

Nikaenda kumuaga baba. Alikuwa amekaa mlangoni, miguu juu ya kiti kidogo. Nikamwambia mkwe anatengeneza bampa. Akafurahi. Baba alimheshimu sana mzee Thembo. Kisha akauliza, "Na tundu?"

Nikaanza kuchora udongo kwa kidole cha mguu.

Akaelewa. Baba alikuwa mtu wa kuelewa haraka. Akasema, "Najua huwezi kumwambia. Usimwambie. Chukua hendeli, ukifika iweke chini mbele ya gari, kisha kaa kando. Muhunzi akiona chuma hakijui, atauliza mwenyewe. Akiuliza, kujibu si utovu wa adabu."

Mmeona? Baba alinifungulia mlango wenyewe. Heshima inabaki, na tundu linapatikana. Sikutakiwa hata kufungua mdomo.

Nilifika kwa mzee Thembo asubuhi. Hendeli ilikuwa chini ya kiti. Majirani walikuwa wameshakusanyika kuangalia, maana gari karibu na kiwanda cha muhunzi haikuwa jambo la kila siku. Mzee alikuja, akaizunguka Landrova kimya, akapima mbele kwa kamba. Bampa la zamani halikuwepo, lilibaki Kasese, kwa hiyo hakuwa na mfano wa kufuata. Alikuwa anaona chesi tupu na nafasi ya kujaza.

Mkono wangu ulikwenda chini ya kiti. Nikaishika ile hendeli. Baridi yake naikumbuka.

Nikawaza, nikiiweka pale chini mbele ya watu wote hawa, itaonekana kijana anamfundisha mkwewe kazi ya chuma. Anamwambia kwa vitendo kwamba hajui. Kakule alikuwa pale, ameshaanza kusifia kabla moto haujawashwa.

Nikaiacha hendeli.

Nikashuka, nikakaa kando na adabu zangu.

Mzee Thembo alifanya kazi nzuri, sitamsingizia. Alikata, akafua masikio mawili ya kushikia kwenye chesi, akakunja ncha zote mbili kuelekea nyuma kwa moto na nyundo mpaka jasho likamwisha. Reli ile ilisimama mbele ya Landrova kutoka taa hadi taa, nzito, nyeusi, nzima. Wanaume wanne ndio walioinyanyua. Springi za mbele zikashuka, nikaona kwa macho yangu. Usukani ukawa mzito siku hiyo hiyo.

Tundu hakuna.

Nyumbani baba aliizunguka gari kwa fimbo yake. Akapitisha kidole katikati ya reli, pale ambapo tundu lilitakiwa liwe. Akaniangalia.

"Hakuuliza?"

Nikamjibu, "Hakuuliza."

Ndugu zangu, sikusema uongo na nilisema uongo. Mzee Thembo hakuuliza kwa sababu hakuonyeshwa. Baba hakuendelea. Alisema tu kwamba lazima twende tukashukuru, kisha tutafute namna.

Na miezi iliyofuata, aibu yangu ikafunikwa na sifa. Hili nalo niseme, maana ndilo linalowaponza vijana humu. Sifa ni tamu! Bwera nzima walilijua bampa lile. Watoto walilipanda. Madereva wa malori walishuka kuligonga kwa ngumi.

Hata wanajeshi. Siku moja kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja alinisimamisha, nikaona leo nimekwisha. Akazunguka mbele, akapiga reli teke.

"Wewe! Nani natengeneza hii?"

"Mukwe yangu, afande."

"Hii iko ya vita! Pita!"

Nikapita kifua mbele. Kakule alikuwa pembeni yangu anacheka, "Unaona? Ingekuwa kijiko ya Kalasinga, tungelala hapa."

Hendeli ikawa inalala chini ya kiti, imeanza kushika kutu. Betri nayo ilikuwa imeanza kuchoka, mpya haipatikani. Nikawa naegesha gari kwenye mteremko kila mahali ili niiwashe kwa kuiachia. Dereva mwenye akili angeshtuka. Mimi nilijiona mjanja.

Sasa siku ya kushukuru.

Desturi yetu, zawadi ya namna ile hairudishiwi shukrani na kijana. Baba wa kijana ndiye anayekwenda, na haendi mikono mitupu. Baba aliamua apeleke chumvi ya Katwe, ile nyeupe ya kwanza, kutoka sehemu yake mwenyewe ya ziwa. Alisimamia kuchaguliwa kwake punje kwa punje. Tukapakia magunia, baba akakaa mbele na kanzu yake ya Jumapili, vitambaa vipya miguuni, Kakule nyuma juu ya chumvi.

Kabla ya kufika kwa mzee Thembo kuna mto. Si mkubwa, unashuka kutoka mlimani, na wakati ule haukuwa na daraja upande ule. Unavuka juu ya mawe. Nilishauvuka mara nyingi. Maji hayafiki hata magotini.

Tuliingia mchana, jua kali, anga safi bondeni. Juu mlimani kulikuwa na wingu jeusi. Niliona. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba mto ule hauangalii mvua ya bondeni, unaangalia ya mlimani. Lakini nilihesabu nitavuka kwa dakika moja.

Katikati ya mto pua ya gari ikazama. Kwa uzito ule wa reli, springi zimechoka, tairi za mbele zikapata shimo kati ya mawe, bampa likachota maji likayatupa kwenye injini. Ikakohoa. Ikazima.

Nikapiga stata. Ikalia. Nikapiga tena. Ya tatu ikawa inanong'ona. Ya nne kimya.

Hapo naona kuna mmoja huko chini kabla hajamaliza kusoma atakomenti "si mngeisukuma tu mzee". Kijana, tulisukuma! Mimi na Kakule tulisukuma mpaka Kakule akapoteza kiatu. Tukashusha magunia mengine kwenye mawe. Ilikuwa siku ya soko, wanaume wote wameshuka mjini. Kina mama wawili waliokuwa wanafua wakaja kusaidia, Mungu awabariki. Gari ile na reli yake ilikaa pale kama imepandwa.

Baba akaniita kutoka ndani. Sauti yake ya kawaida kabisa.

"Toa plagi. Ingiza gia nzito. Leta hendeli."

Nikasimama ndani ya maji nikamwangalia.

Alikuwa ameshainama, ameitoa hendeli chini ya kiti, anaipangusa kutu kwa kanzu yake ya Jumapili. Alikuwa amesahau. Katika haraka ile baba alisahau kwamba tundu hakuna. Mimi ndiye niliyelazimika kumkumbusha.

"Tata, haipiti."

Akabaki ameishika.

Ukingo wa pili ulikuwa mbele yetu, wakuu. Hatua kumi, labda kumi na mbili. Kwa hendeli ile ile, kwa mikono ile ile iliyotutoa kwenye tope la Katwe, tungetambaa tukatoka kabla ya maji. Nilijua, na yeye alijua. Nafasi ya kupita fimbo ya unene wa kidole gumba ndiyo iliyotukosesha.

Tukajaribu kufungua bampa lenyewe. Boliti za mzee Thembo zilikuwa zimepigwa zikiwa za moto, hazikuwa na mpango wa kufunguka. Nilizipiga kwa jiwe mpaka nikajiumiza. Kakule akawa anapiga kelele, "Achana! Maji! Sikia maji!"

Tulisikia kabla ya kuona. Mto ukawa wa udongo, kisha ukaanza kuleta matawi.

Nikamtoa baba. Nikamweka mgongoni. Alikuwa mwepesi, sikutegemea wepesi ule. Maji yakafika kiunoni, nikashika mkono wa Kakule na Kakule akashika shina la mti. Kakule nimemtukana sana humu, lakini siku ile hakuuachia mkono wangu. Baba alikuwa amening'iniza miguu yake majini, vitambaa vimefunguka, na mkono mmoja amenishika shingo. Mkono wa pili alikuwa bado ameishika hendeli. Hakuiachia.

Tulipofika ukingoni nikamkalisha kwenye nyasi. Tukageuka sote kuangalia.

Landrova ilitikisika mara mbili. Kisha ikalala ubavu, polepole, ikaondoka. Magunia yaliyobaki yalipasuka, na chumvi ya baba ikaingia mtoni. Iliyeyuka pale pale.

Baba akaiweka hendeli kwenye nyasi, kando ya miguu yake.

Mzee Thembo alikuja anakimbia, alikuwa ameambiwa na wale kina mama. Mzee mzima, kifua wazi, ametoka kwenye moto. Akaangalia mto. Akamwangalia baba miguu mitupu yenye vidonda kwenye nyasi. Kisha akaona ile hendeli.

Akainama akaichukua. Akaipima mkononi, akaigeuza, muhunzi huyo.

"Hii nayo ni nini?"

Baba akamweleza. Kwa maneno machache, bila lawama, wanaume wawili wazima wanaoheshimiana. Inapita hapa, inazungusha injini, gari inatoka majini.

Mzee Thembo alipitisha kidole gumba kwenye ncha ya hendeli. Kisha akanigeukia mimi moja kwa moja, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu nimuoe binti yake.

"Kutoboa reli ni kazi ya asubuhi moja. Mbona hukunionyesha?"

Wakuu, nimekaa na swali hilo zaidi ya miaka hamsini. Nilimwogopea aibu mtu ambaye hakuwa na aibu hiyo hata kidogo. Angeuliza, ningejibu, angetoboa, tungekunywa tonto, pombe yetu ya ndizi, tukacheka. Heshima gani ile niliyokuwa naitunza? Haikuwa heshima. Nilikuwa natunza sura yangu mbele ya majirani, nikaipa jina la heshima. Hilo ndilo linalonichoma.

Gari tuliipata kesho yake chini kidogo, kwenye mawe. Bodi imepasuka, chesi imepinda, injini imejaa mchanga. Spea hakuna, fundi hakuna. Ikafia pale.

Bampa? Bampa halikuwa na mkwaruzo, wakuu. Lilikuwa zima kabisa. Kalasinga alisema: bampa ikikataa kuvunjika, chesi itavunjika. Nilicheka kwa hasira mpaka Kakule akaniondoa.

Mzee Thembo alilitoa mwenyewe kwa tindo. Hakuniambia anataka kulifanyia nini. Baada ya wiki kadhaa akaja Bwera na watu wanne wamelibeba, na mimi nikaona kitu ambacho mpaka leo kikinijia nakosa usingizi. Katikati ya reli kulikuwa na tundu. La duara, safi, amelipima kwa hendeli yenyewe.

Akaliweka chini mlangoni kwa baba, juu ya mawe mawili, liwe la kuegemezea miguu, na hendeli akairudisha pembeni ya mlango.

Baba alimshukuru kwa mikono miwili.

Katwe hakwenda tena. Sehemu yake ya ziwa ikachukuliwa na wenye miguu. Misa akawa anapelekwa sikukuu kubwa tu, kwa kubebwa, na hakupenda kubebwa. Jumapili nyingine zote alikaa mlangoni na kanzu yake, miguu juu ya reli, watu wanapita barabarani wanakwenda kanisani wanamsalimia.

Siku moja nilifika bila yeye kuniona. Kengele ilikuwa imelia, barabara imeshakuwa tupu. Baba aliinama, akaichukua hendeli pembeni ya mlango, akaipitisha kwenye lile tundu la mzee Thembo. Ikaingia bila kugusa. Akaizungusha mara moja, polepole, kama alivyozungusha siku ile ya tope.

Ikazunguka vizuri kabisa.

Nilirudi nilikotoka, sikuingia.

Kwa hiyo wewe kijana wa bampa, na nyie wapiga makofi wake. Kabla hujafunga chuma chochote mbele ya gari yako, lala chini yake kwanza uangalie linaziba nini. Ndoano ya kuvutia, hewa ya rejeta, chochote. Na kama kuna mtu anayekutengenezea kwa upendo, mkwe, mjomba, rafiki, mwonyeshe hendeli yako. Iweke chini mbele yake mchana kweupe. Akikasirika atapoa. Mimi wangu asingekasirika hata.

Uwanja ni wenu. Atakayenitukana namruhusu, nimeshajitukana kuliko yeye. Ila kuna jambo moja naomba wenye umri mnijibu kwa ukweli: nyie mliwahi kunyamaza wapi kwa jina la adabu, na nani aliyelipa kwa miguu yake?